Maziwa ya Saa Nne

Kila siku saa nne kamili Mbithi alikuwa akizima mashine, anavua helmeti, anaketi juu ya kipande cha reli mbele ya kibanda chetu na kunywa pakiti ya maziwa ya nusu lita. Alikuwa anaing'ata pembeni kwa meno, anaivuta taratibu, kisha anafuta mdomo kwa mkono na kusema, "Kifua kimeoshwa." Tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja, na miaka hiyo yote nilikuwa nikimcheka.

Ukimuuliza fundi yeyote wa kuchomelea pale Dagoretti Corner atakuambia mambo yaleyale: moshi wa chuma huganda kifuani, na maziwa huuteremsha. Kuna mafundi ambao hawagusi chuma kilichopakwa zinki mpaka mwenye kazi awanunulie maziwa kwanza, na wako radhi kukunja mikono mchana kutwa wakingoja. Ni uongo mtupu. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani hata siku ya kiama. Nilimweleza Mbithi hayo mara nyingi hadi akawa anayakariri pamoja nami, akimaliza anacheka na kung'ata pakiti yake.

Mimi ni mtu wa kelele, sikatai. Naitwa Naliaka, na kwetu Kimilili jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa msimu wa palizi. Mama yangu husema ndiyo sababu siwezi kuona gugu nikanyamaza. Nilianza kuchomelea nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke peke yangu kwenye safu nzima ya vibanda vya chuma kando ya Ngong Road, na mwanamke asiye na kelele pale angegeuzwa wa kuchemsha chai. Miaka saba iliyopita nilisoma mafunzo ya usalama kazini, wiki mbili nzima katikati ya jiji, nikapewa cheti. Nilikitundika kibandani juu ya soketi, mahali ambapo kila anayekuja kuuliza bei ya geti lazima akione.

Tangu siku hiyo sikumpa mtu amani. Jirani zangu walikuwa wakichomelea na miwani ya jua, jioni macho yanawawasha kama yametiwa mchanga, wanalala na vipande vya viazi juu ya kope. Niliwafokea. Nilimfokea aliyechomeka nyaya uchi kwenye soketi na kuzibana kwa njiti ya kiberiti. Nilimfokea aliyevaa patapata huku cheche zikimwangukia vidoleni. Wakanibandika jina la Serikali. Nikipita tu nasikia, "Oyaa, Serikali imefika, ficheni miguu!"

Mbithi hakuhitaji kufokewa sana. Ni Mkamba wa Mwingi, mpole, mwenye maneno machache na mikono ambayo sijaona mfano wake. Mimi najua kukata na kuunga. Mbithi alijua kuuchukua ufito wa chuma akaukunja ukawa mzabibu, na majani yake, na vile vikonyo vidogo vinavyojisokota. Ninakoishi, mtaa wa Satellite, naweza kukuonyesha mageti tisa ambayo watu husimama kuyatazama, na yote ni kazi ya mikono ile. Nilimnunulia helmeti nzuri, ya kioo kinachojitia giza chenyewe, akaivaa bila ubishi. Nilimnunulia aproni ya ngozi, akaivaa siku za baridi. Lakini maziwa yalimshinda kuacha.

"Madam, wewe ongea," alikuwa akiniambia. "Mimi nikunywe."

Jumatano hiyo tulikuwa na kazi Hurlingham, kwenye jengo la ghorofa sita karibu na Argwings Kodhek. Juu ya paa kulikuwa na chumba cha saruji, na ndani yake tenki kuukuu la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kupanga. Nadhani walilijenga tenki kwanza, ukuta ukafuata, maana halikuweza kutoka mlangoni wala kushuka ngazi. Kazi yetu ilikuwa kulikata vipande. Na kwa kuwa ukuta ulilibana pande zote hata mtu hakuwa na mahali pa kusimama nje, lilipaswa kukatwa kutoka ndani. Fundi angeingia kwa kutambaa kupitia tundu moja la chini, mimi niketi mlangoni nje ya tundu hilo kupokea vipande.

Tulikuwa tumepanda na mashine yetu ya plazma, ile inayokata chuma kama kisu kwenye sukuma wiki, pamoja na kompresa yake, kwa sababu plazma haikati bila upepo. Tulipanda pia na mitungi miwili niliyokodi kwa Mzee Kinyanjui, muuza gesi wa pale kona: mmoja wa gesi na mmoja mweusi wa oksijeni. Hiyo ilikuwa ya miguu ya tenki, ambayo ilikuwa minene kupita uwezo wa mashine yetu. Mitungi ilisimama pembeni mwa mlango, imefungwa mnyororo kama nilivyofundishwa. Mpaka hapo ungenipiga picha ukaiweka kwenye kitabu.

Mbithi aliingia saa tatu. Alivaa helmeti na glavu, akaiacha aproni nje.

"Aproni!" nikamwambia.

"Huku ni oveni, Madam. Nikivaa hiyo nitaiva."

Nilinung'unika, nikamwacha. Ovaroli yake ilikuwa ile ya kila siku, nzito, yenye mafuta ya miezi mingi. Pakiti ya maziwa aliiweka kwenye kizingiti, kivulini, akaniambia niilinde nisije nikaimwaga kwa wivu.

Tenki lile lilikuwa limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaokaba koo. Baada ya nusu saa tundu lilikuwa likitoa moshi kama jiko la kuni. Nilimwomba mlinzi wa jengo, kijana mmoja aitwaye Lenox, atutafutie feni. Akaileta. Tulipoichomeka tu, kila kitu kikazima.

"Stima imeruka," Lenox akasema. Aliteremka kuirudisha, tukajaribu tena, ikaruka tena. Soketi ya paa ilikuwa moja, na mashine na kompresa zilikuwa zimeshaimaliza nguvu. Feni ikabaki imesimama pale kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti.

Saa nne kamili Mbithi alichungulia nje kupitia tundu. Alikuwa ameinua helmeti, macho mekundu, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Madam, acha nitoke kidogo. Nikunywe maziwa, moshi upungue. Huku ndani siwezi kupumua."

Hapo ndipo ningependa kuisimamisha hadithi hii. Mara nyingi nimeisimamisha hapo, nikiwa nimelala, nikamjibu vingine.

Lakini lori la tenki jipya lilikuwa linafika saa saba, na tulikuwa hata nusu hatujafika. Na lile neno maziwa lilinipandisha hasira. Mtu anakosa pumzi, anaomba maziwa! Miaka kumi na mmoja!

"Wewe unataka hewa, hutaki maziwa," nikamwambia. "Ngoja hapo hapo. Leo nitakuonyesha kitu kinachoosha kifua."

Niliuendea mtungi mweusi. Nilifungua mpira wa oksijeni kutoka kwenye tochi ya kukatia, nikaupitisha kwenye tundu la tenki mpaka karibu na magoti yake, nikafungua. Ukaanza kupuliza, fyuuu, ubaridi wake naupata mpaka nilipoketi. Nilijisikia mwerevu mno. Tena nikatoa hotuba.

"Hospitali mtu akikosa pumzi anawekewa nini? Maziwa? Anawekewa oksijeni, Mbithi. Hii ndiyo hewa yenyewe, haijachanganywa na kitu."

Alivuta pumzi ndefu. Niliyasikia mapafu yake yakifunguka.

"Wee! Madam, hii ni tamu," akasema, na akacheka kwa sauti, jambo asilolifanya mara nyingi. "Ni kama niko Mwingi asubuhi mvua ikishanyesha."

"Sasa fanya kazi."

"Sawa, Serikali."

Ni yeye peke yake aliyeweza kuniita hivyo nisikasirike. Aliteremsha helmeti, akarudi ndani. Dakika tano au sita nilisikia vyuma vikigongana, akisogeza vipande apate nafasi. Mpira uliendelea kupuliza. Kisha nikaisikia tochi ya plazma ikiwaka.

Watu wameniuliza kama kulikuwa na mlipuko. Hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na mwanga. Tundu lile, ambalo lilikuwa jeusi, likawa jeupe ghafla, jeupe la kuumiza, na nikaona kivuli cha Mbithi katikati yake kikiwa kimesimama. Moto niliouzoea huanza mahali fulani ukapanda. Ule haukuanza mahali. Ovaroli nzima iliwaka mara moja, kifua, mikono, mgongo, kama kwamba nguo yote ilikuwa ikingoja amri.

Sikupiga kelele. Mimi, mtu wa kelele, sauti ilinipotea. Nilibaki nimeketi, mikono mapajani, nikitazama. Sijui ni sekunde ngapi. Naomba Mungu zisiwe nyingi.

Mbithi alijitupa kwenye tundu, akatoka nusu. Hapo mwili wangu ukaamka. Nilimshika kwapani nikamvuta, na alipotoka kwenye hewa ya nje ule weupe ukapungua ukawa moto wa kawaida, wa njano, moto ninaoujua. Lenox alikuja na ndoo ya maji ya kupigia deki, akamwagia. Tukamwagia nyingine. Mbithi alikuwa anasema neno moja tu, kwa Kikamba, "Mwaitu, mwaitu," akimwita mamake aliyekufa zamani. Mikono yake ilikuwa imeinuliwa mbele yake na sikutaka kuitazama, nikaitazama.

Ndani ya tenki kitu kilikuwa bado kinawaka na kupiga mluzi. Lenox ndiye aliyeinama akafuata mpira kwa macho mpaka kwenye mtungi.

"Mathe, hii kitu inapuliza bado. Nifunge?"

"Funga," nikasema. Akafunga, na moto wa ndani ukafifia palepale. Niliona ukififia. Naapa sikuwaza lolote.

Mpangaji mmoja alitupeleka hospitali kwa gari lake. Saa saba, wakati lori la tenki linafika Hurlingham, daktari alitoka akatuita. Mbithi alikuwa ameungua kifua, shingo na mikono yote miwili hadi kwenye vidole. Ataishi, akasema, ila hizo siku chache za kwanza ni za kuangaliwa sana. Mikono hawezi kuahidi. Uso na macho havikuguswa.

"Alikuwa amevaa helmeti nzuri," daktari akasema. "Nani alimnunulia?"

"Mimi," nikasema, na aibu iliyoje, nilijisikia vizuri.

Mkewe Kamene alikuwa amefika kutoka sokoni Kawangware, aproni yake ya kuuzia mboga bado kiunoni. Alisimama ukutani akiwa amejikumbatia. Aliniuliza swali moja tu, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Ivyne, ilikuwaje?"

Nikamjibu. Nilijibu upesi, bila kufikiri, kwa sababu nilikuwa na jibu tayari na lilikuwa la kweli: "Mama Musili, nilimwambia avae aproni ya ngozi. Alikataa. Na ovaroli yenyewe ina mafuta."

Kamene alitikisa kichwa. "Ni kichwa ngumu huyo. Namjua." Kisha akalia.

Kwa siku tano niliisimulia hivyo. Niliisimulia Dagoretti Corner, kanisani, kwenye simu ya Kimilili. Aproni. Ikawa somo. Mafundi waliokuwa wakinicheka walianza kuja kibandani mmoja mmoja, kwa adabu, kuniuliza aproni zinauzwa wapi. Yule wa patapata alinunua buti. Nilikuwa na huzuni, ndiyo, nilikuwa silali, lakini ndani ya huzuni kulikuwa na kitu kingine kinajikuna kwa raha: nilisema mimi, hamkusikia. Kila niliyemwambia alimhukumu Mbithi kidogo, na mimi niliacha ahukumiwe.

Siku ya sita Mzee Kinyanjui alikuja kuchukua mitungi yake. Ni mzee mgomvi, kofia ya sufu mwaka mzima, na mitungi yake anaijua kama mtu anavyojua ng'ombe zake. Aliuinua ule mweusi, akaupima kwa mikono, akatazama saa ya kupimia iliyo juu ya mtungi.

"Hii imeenda zaidi ya nusu. Mlikata nini?"

"Miguu hatukufika, Mzee. Ajali ilitokea tukiwa na plazma tu."

"Plazma haitumii oksijeni yangu." Alinitazama. "Imeenda wapi?"

"Nilimpa Mbithi hewa. Kule ndani kulikuwa na moshi."

Mzee Kinyanjui aliuteremsha mtungi polepole, kama anayemlaza mtoto. Akaketi kwenye kile kipande cha reli cha Mbithi.

"Naliaka. Ulimpa nini?"

"Hewa. Oksijeni. Nilipitisha mpira."

"Ndani ya tenki? Na anakata?"

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniomba kipande cha kitambaa, nikampa kilichochanika kwenye ovaroli ya zamani, kidogo tu kama kiganja. Alitoka nacho uwanjani mbali na vibanda, akakishika kwa koleo refu, akakiwasha kwa kiberiti. Kikawaka kivivu, akakipuliza kikazima, likabaki kaa moja jekundu kwenye ukingo. Akaniambia nifungue mtungi kidogo sana. Akausogeza mdomo wa mpira karibu na lile kaa.

Kitambaa kilipaa. Kiliwaka cheupe, cheupe kile kile, kile cha tundu la tenki, kikaisha kabla sijapepesa macho. Kwenye koleo hapakubaki hata jivu la kuonyesha mtu.

Nilishika ukuta wa mabati, ukanichoma kwa jua, sikuondoa mkono.

"Yenyewe haiwaki," Mzee Kinyanjui alikuwa anasema, na sauti yake niliisikia kwa mbali. "Lakini chochote kinachowaka, ukikinywesha hii, kinalewa. Nguo, mafuta, nywele. Pale ndani ulimjazia. Ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi za nguo yake. Hata angevaa hiyo aproni yako..." Hakumaliza. "Na kompresa mlikuwa nayo. Si ungezima mashine umpulizie ile, hewa ya bure? Ama angetoka tu nje, mama. Angetoka akae."

Angetoka akae. Alikuwa ameomba kutoka akae.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maziwa, baada ya miaka kumi na mmoja. Hayaoshi kifua, na hilo nitalisema mpaka kaburini. Lakini huwezi kunywa maziwa ukiwa umevaa helmeti. Huwezi kunywa huku unakata. Lazima uzime mashine, utoke nje, uketi mahali penye upepo na umalize nusu lita, na Mbithi alikuwa anakunywa polepole. Kila siku saa nne alijipa robo saa ya hewa safi, ile ya Mungu, na mimi nilimwita mshamba. Siku niliyomnyima ndiyo siku aliyoungua.

Mzee alipoondoka nilikitoa kijitabu cha mafunzo chini ya sanduku la vifaa. Sijui nilikuwa natafuta nini. Pengine nilitaka nikute kwamba hawakunifundisha. Ukurasa wa kumi na tisa umeandikwa waziwazi: usitumie oksijeni kuburudisha hewa mahali palipofungika. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mstari wa kalamu nyekundu. Kalamu hiyo ilikuwa yangu. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilikuwa nimeandika: MUHIMU.

Nililiondoa lile jicheti ukutani nikalilaza kifudifudi.

Kesho yake saa sita na nusu, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa kwenye wodi. Nje ya lango kuna kioski, na miguu yangu ilinipeleka huko bila kuniuliza, nikanunua pakiti ya maziwa. Mbithi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, shingo imefungwa, mikono imekuwa vifurushi viwili vyeupe juu ya shuka. Uso wake ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa uso uleule wa mbele ya kibanda, na hilo lilinivunja moyo zaidi kuliko bandeji. Kamene alikuwa kando, kwenye kiti cha plastiki.

Kabla sijasema salamu, Mbithi akaniwahi.

"Madam, pole. Nimekuharibia kazi. Ningevaa tu ile aproni vile uliniambia."

"Nyamaza," nikasema.

"Hapana, wacha niseme. Nimekuwa nikifikiria. Kila siku unatuambia, na sisi tunacheka. Kamene amenigombeza na ako na haki. Huyo daktari anasema bila ile helmeti ningekuwa kipofu. Umeniokoa macho. Asante."

Alinishukuru. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kutoka Satellite, nimepanga maneno, na hayo hayakuwa kwenye mpango. Ningeweza kusema karibu. Neno moja, karibu, na mambo yangebaki pale yalipo: yeye kichwa ngumu, mimi mwalimu. Mzee Kinyanjui si mtu wa kusengenya. Nani mwingine angejua?

"Haikuwa aproni," nikasema.

Kamene aliinua kichwa.

"Ni ule mpira. Ile hewa niliyokupa. Ile kitu ikijaa mahali, nguo inashika moto kama petroli. Hata ungevaa aproni kumi. Mimi ndiye nilipitisha, mimi ndiye nilifungua, na ulikuwa umeniomba kutoka nikakukatalia. Nilifundishwa hiyo maneno, Mbithi. Nilifundishwa, nikaipigia mstari, nikasahau. Ni mimi nimekuchoma."

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na wageni wengi, na sauti yangu, hata nikijaribu kunong'ona, huenda mbali. Mwanamke wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa.

Kamene alikuwa ananitazama kama mtu anayemwona mwizi ndani ya nyumba yake, kisha anatambua kwamba mwizi ni jirani.

"Uliniambia ni yeye," akasema. Hakupandisha sauti. "Nimemgombeza siku saba. Amelala hapo hivyo, na mimi namgombeza."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga na kumfanya mwenye kiu apanguse.

Mbithi alikuwa amefumba macho. Nilidhani amezimia. Nilitamani anitukane, kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote. Alipoyafungua aliitazama dari.

"Na ilikuwa tamu, Madam," akasema. "Ile hewa. Haki ilikuwa tamu."

Hapo nililia. Nililia kwa kelele, kama nifanyavyo mambo yote, mpaka muuguzi akaja mlangoni akarudi. Nikiwa nalia nilikumbuka ile pakiti mkononi mwangu, nimeiminya karibu ipasuke. Nikainyoosha kuelekea kitandani.

Kamene alisimama. Alisimama kati yangu na mumewe, akaichukua pakiti kutoka mkononi mwangu bila kunigusa vidole, akaing'ata pembeni kwa meno na kumwekea mdomoni. Mbithi alivuta polepole, kwa muda wake, kama alivyokuwa akifanya kwenye kipande cha reli. Daktari alikuwa amemwambia asubuhi hiyo kwamba mkono wa kulia, Mungu akipenda, utashika kijiko. Hakutaja tochi.

Pakiti ilipoisha, Mbithi aliinua mkono ili afute mdomo. Kile kifurushi cheupe kilipanda kidogo, kikatetemeka, hakikufika. Nilinyoosha mkono wangu nimsaidie. Kamene aliusukuma kando, akamfuta kwa ncha ya leso yake.

"Kifua kimeoshwa," Mbithi akasema.

Alinitazama, akingoja, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja. Sikucheka.